Mwalimu, Hiki Kina Nyota Ngapi?

Swali hilo niliulizwa na mtoto wa darasa la tatu siku nilipompa kitabu cha hadithi aende nacho nyumbani. Wiki chache kabla, nilikuwa nimebandika ukutani chati yenye majina ya darasa zima, na kila aliyemaliza kitabu alibandikiwa nyota ya karatasi inayong'aa. Mtoto huyu hakuwa mvivu hata kidogo. Kabla ya chati, ndiye aliyekuwa akinifuata wakati wa mapumziko kuuliza kama kuna hadithi nyingine ya sungura. Siku hiyo alikishika kitabu, akakipima unene kwa vidole viwili, akauliza. Nikamjibu kina nyota moja, kama vingine vyote. Akakirudisha mezani taratibu, akachukua kingine chenye kurasa nane.

Sikuwa na la kumlaumu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyemfundisha kuipiga.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mjadala huu wa sifa na zawadi darasani, kama zinajenga hamu ya mtoto ya kujifunza au zinaiua, na ninaona kila upande una hoja nzito. Wanaotetea zawadi hawasemi upuuzi. Kujua kusoma kuna raha, lakini kujifunza kusoma ni kazi ngumu: herufi zinachanganyana, silabi zinakataa kuungana, na mwenzako wa dawati la mbele ameshamaliza ukurasa. Mtoto aliye hapo huwezi kumwambia asubiri raha ya maarifa, kwa kuwa raha hiyo hajawahi kuionja. Anahitaji kitu cha kumshika mkono leo. B. F. Skinner na wanasaikolojia waliomfuata walijenga elimu nzima juu ya jambo hili, kwamba tendo linalofuatiwa na kitu chema hurudiwa, na mwalimu yeyote aliyewahi kuona uso wa mtoto aliyepata vema yake ya kwanza anajua kuwa kuna ukweli ndani yake.

Ushahidi nao upo, tena mwingine umetoka karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walifuatilia mpango wa ufadhili kwa wasichana wa darasa la sita magharibi mwa Kenya, ambapo wale waliokuwa katika asilimia 15 ya juu kwenye mtihani walilipiwa karo na kupewa fedha za mahitaji ya shule. Huko Busia, mojawapo ya wilaya za mpango huo, alama zilipanda. Kinachonigusa zaidi ni kwamba walionufaika hawakuwa washindi peke yao. Wasichana ambao hawakuwa na matumaini makubwa ya kushinda walipanda pia, na dalili za kufaidika zilionekana hata kwa wavulana, ambao hawakuruhusiwa kushindania ufadhili huo. Hata walimu walihudhuria zaidi. Anayesema zawadi huharibu watoto siku zote itambidi aeleze matokeo hayo.

Upande wa pili una jaribio la mwaka 1973 ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakachagua watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe kama wangechora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora likapewa cheti kilekile kwa kushtukizwa. La tatu halikuahidiwa wala kupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, safari hii bila ahadi yoyote. Watoto wa kundi la kwanza walichora kwa takriban nusu ya muda ambao wenzao waliutumia.

Watu wengi hulitaja jaribio hili kuonyesha kuwa zawadi ni sumu. Nadhani wanalisoma nusu. Kundi la pili lilipata cheti hichohicho, na hamu yake haikupungua. Tofauti ilikuwa kwenye mapatano yaliyotangulia: chora, nikupe. Mtoto akishaingia kwenye mapatano hayo, kuchora kunageuka kibarua, na hakuna anayeendelea na kibarua baada ya malipo kukoma. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda kilikuwa chema kabla ya pete, wala hakikufanya wema kwa kuiwinda pete hiyo.

Wataalamu wenyewe wamevutana miaka mingi. Mwaka 1994 Judy Cameron na David Pierce walikusanya tafiti nyingi wakahitimisha kwamba hofu juu ya zawadi imekuzwa mno. Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan wakaja na uchambuzi wa tafiti 128 uliosema kinyume: zawadi ya kushikika, iliyoahidiwa mapema, hupunguza hamu ya kufanya kitu kwa kukipenda. Lakini hata Cameron na Pierce walikiri kwamba ipo hali moja yenye madhara, nayo ni pale mtoto anapopewa kitu kwa sababu tu amefanya, bila kujali amefanya vizuri kiasi gani. Hiyo ndiyo chati yangu ya nyota, neno kwa neno. Na wale wa 1999 waliona kwamba zawadi za kushikika ziliwaumiza watoto zaidi kuliko wanafunzi wa vyuo.

Mchumi Roland Fryer aliongeza jambo lingine alipojaribu kuwalipa wanafunzi fedha katika miji kadhaa ya Marekani, matokeo akayachapisha mwaka 2011. Huko Dallas, watoto wa darasa la pili walipewa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kufaulu maswali yake, na matokeo yakaonekana kwa wazungumzaji wa Kiingereza tu, si kwa kundi zima. New York na Chicago walilipwa kwa alama, na hakukuwa na mabadiliko ya maana. Walipoulizwa wangefanya nini ili wapate fedha zaidi, watoto walitaja kusoma swali kwa makini na kukagua majibu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kumuuliza mwalimu au kujisomea zaidi. Walizitaka fedha kweli, ila njia ya kuzifikia hawakuijua. Kumwahidi mtoto anayeshika mkia zawadi ya kushika namba moja ni kumwonyesha embe la juu bila kumpa upembo wa kuliangulia.

Sifa za mdomo nazo zina mitego yake, ingawa hazigharimu kitu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto mafumbo, kisha wakawasifu baadhi kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Waliosifiwa akili walikata tamaa upesi, wakafanya vibaya zaidi hata waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo. Walipotakiwa kumwandikia mtoto mwingine alama walizopata, karibu wanne katika kila kumi walidanganya. Hilo la mwisho huniumiza kila ninapolikumbuka. Ukimwambia mtoto kuwa ana akili, umempa cheo, na cheo hulindwa, hata kwa uongo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaodhani dawa ni kusifia bidii tu kila saa. Katika madaftari tunaandika "umejitahidi" hadi neno limechuja. Watoto wanajua kuwa "umejitahidi" ndiyo lugha ya adabu ya "umeshindwa". Na mtoto aliyehangaika saa nzima kwa njia isiyo sahihi hasaidiwi kwa kupongezwa kuhangaika kwake. Sifa inayomfaa ni ile yenye habari ndani yake: hapa uliona jibu limezidi namba uliyogawanya, ukarudi nyuma ukaangalia. Hiyo anaweza kuirudia kesho. "Hodari sana, mpigieni makofi" hawezi kuirudia, kwa sababu hajui alifanya nini.

Kuhusu sherehe za kugawa tuzo mwisho wa mwaka, nimegawanyika. Aliyesoma usiku na mchana akashika namba moja anastahili kuitwa mbele, na kumnyima kwa kuogopa wivu wa wengine ni kumdhulumu. Lakini nimewatazama wanaokaa nyuma wakiwapigia makofi watoto walewale watatu tangu darasa la kwanza hadi la saba. Kwao sherehe hiyo haina motisha yoyote. Ningependa tuzo zibaki kama heshima kwa kazi iliyokwisha, na shule ziache kuzitegemea kuamsha ari ya waliobaki.

Chati yangu niliibandua katikati ya muhula, na sitasema mambo yalinyooka. Wiki zilizofuata vitabu vilivyoazimwa vilipungua. Wawili walioanza kusoma kwa ajili ya nyota waliacha kabisa, na hao zawadi ilikuwa inawasaidia kweli. Kuwaondolea ghafla lilikuwa kosa langu. Sasa nakaa nao baada ya masomo, tunasoma kurasa za mwanzo pamoja, na nyota nimewarudishia ndani ya daftari, pasipo macho ya darasa zima. Yule wa sungura alikuja kuchukua kile kitabu kinene. Baada ya siku kumi alikirudisha bila kukimaliza, akanifungulia katikati, akaweka kidole kwenye aya moja na kusema, "Mwalimu, hapa nimepotea. Naomba nikae nacho wiki nyingine."