Fedha ya Lüneburg: waliouza hawakuusaliti mji

Kwa Kiswahili neno ni moja: fedha ya kufulia kikombe ndiyo fedha ya kulipia deni. Wazee wa baraza la Lüneburg, kaskazini mwa Ujerumani, waliishi hivyo hivyo. Mji wao ulitajirika kwa chumvi, nao waliuachia vikombe, majagi na sahani za fedha zilizopakwa dhahabu. Siku za karamu vilipamba meza. Siku nyingine vilikuwa akiba kabatini.

Mwaka 1874 baraza liliviuza vilivyobaki kwa serikali ya Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, kwa marki 660,000. Lüneburg ikabaki na nakala. Tangu hapo wapo wanaosema urithi uliuzwa.

Lawama hiyo ina uzito. Mwaka 1443 sonara Hans von Lafferde alitengeneza kisanduku cha fedha chenye jiwe la bilauri, na mbele yake raia mpya aliuapia mji. Ndani ya kabati la kioo huko Berlin, kisanduku hicho hakimwapishi mtu.

Lakini tuhesabu. Karne ya 16 ikielekea ukingoni, mji ulikuwa na vyombo zaidi ya 200. Mwaka 1874 havikufika 40. Vile vingine vilikwenda wapi? Viliuzwa, viliyeyushwa, vililipia vita na madeni, kimoja baada ya kingine, na waliovitoa hakuna anayewalaani leo. Anayelaumiwa ni yule aliyeuza bila kuyeyusha, kwa mnunuzi mmoja, vyote pamoja! Ndiyo maana bado tunacho kile kikombe cha Kristo akilishinda joka lenye vichwa vitatu, kumbukumbu ya ghadhabu ya Waprotestanti dhidi ya amri ya dini ya Kaisari Karl V ya mwaka 1548. Kingebaki kabatini, deni lililofuata lingekitia kalibuni.

Sisi tunaodai mali za Maji Maji zilizoko Berlin tusizichanganye kesi hizi. Zetu zilichukuliwa kwa bunduki. Hizi ziliuzwa na baraza lenye mamlaka, na bei ikalipwa. Berlin haina deni kwa Lüneburg, kwetu inalo.

Kile kisanduku cha kiapo, hata hivyo, ningependa kiazimwe nyumbani mara kwa mara, kiwekwe katika jumba la baraza, siku ambayo raia wapya wanapokewa.