Maji matamu kwanza, grisi baadaye

Jumapili nilikua Mtwapa nikaona kijana katoka baharini, kafunga boti yake ya tanga vizuri, kisha kachukua mkebe wa grisi akaanza kupaka kila kapi, kile kifaa chenye gurudumu la kupitishia kamba, kwa kidole, juu ya chumvi ile ile ambayo haijakauka. Sikumwambia kitu kwa sababu hatujuani lakini roho iliniuma hadi nafika nyumbani, kwa hivo naandika hapa.

Jamani kapi haigomi kwa kukosa mafuta, inagomeshwa na chumvi. Maji ya bahari yakikauka yanaacha punje ngumu mle ndani kwenye gololi, sasa wewe ukipaka grisi juu yake umezifungia humo humo, na grisi nayo inanasa mchanga na vumbi, baada ya wiki mbili unazungusha kapi unaskia inasaga kama kinu. Cha kwanza ni maji matamu. Mwaga mengi huku unaizungusha mpaka iende laini, na mara nyingi ukishafanya hivo haitaki kitu kingine chochote.

Shida yetu Mombasa ni hayo maji yenyewe. Visima vingi vya kisiwani maji yake yana chumvi, unaosha boti kwa chumvi ukidhani umeosha. Mimi hununua mtungi wa lita 20 kwa wenye mikokoteni, naonja kwanza kabla sijalipa, namwagia kwa kopo pole pole na mtungi mmoja unatosha boti ndogo ya futi kumi na nne. Masika natega ya mvua kwa pipa, hayo ndio bora kabisa.

Mwaka jana wakati wa kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, niliyaona mwenyewe. Tunaingia bandari ya zamani, Fort Jesus iko kushoto, upepo uko nyuma na unazidi, nataka kuteremsha tanga na tanga halishuki. Jarari, yaani kamba ya kupandisha na kuteremsha tanga, imekwama kwenye kapi ya juu ya mlingoti, gurudumu lake halizunguki kamba inajikwaruza tu, na mbele kuna mashua zimetia nanga. Ikabidi nigeuze boti niielekeze kwenye upepo ndipo tukalivuta kwa mikono wawili, na mwanangu wa miaka tisa alikua ndani. Tangu siku hiyo silichukulii jambo hili kuwa dogo.

Sasa mafuta. Kapi za kisasa zenye gololi za plastiki, zikishakauka zipulizie spre kavu ya silikoni kidogo sana, basi. Spre ya WD-40 inafaa kufukuza maji na kulegeza kilichoshika lakini haikai, usiitegemee kama ndio mafuta yako. Mafuta ya kupikia yanaganda yanakua kama gundi, na oili chafu ya gari itakuharibia tanga, doa lake halitoki. Pale tanga linapopanda kwenye mfereji wa mlingoti mimi hutumia mshumaa, nasugua kamba ya ukingo wa tanga na inateleza vizuri sana bila kuacha uchafu. Wazee wetu walipaka kapi za mbao shahamu na walikua sawa kabisa, mbao ni kitu kingine, usichukue dawa ya jahazi ukaipeleka kwenye plastiki.

Grisi ina kazi yake, sikatai. Kama una winchi, ile mashine ya kuvutia kamba kwa kuzungusha mkono, paka kidogo kwenye meno makubwa, ila vile vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi vitie oili nyepesi tu, kwa sababu grisi inavifanya vinate, na kimeno kikinata winchi inaweza kurudi nyuma kwa ghafla ukiwa umeshika mkono wake, hapo mtu anavunjika kweli. Pia skrubu za stenlesi kwenye mlingoti wa alumini zipake grisi kabla hujazifunga, maana metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi alumini inaliwa, utaona unga mweupe, na siku unataka kuifungua skrubu inakatika.

Kapi ya juu ndio husahaulika kwa sababu haionekani. Mimi kila mwezi wa tatu, kabla kusi haijashika, nalaza mlingoti chini pwani, naiosha, naizungusha, naangalia kama ina ufa na kama kamba imeanza kunyofoka pale inapopita. Ni kazi ya asubuhi moja na mtungi mmoja wa maji.