Penseli Iko Sikioni, Halafu Unauliza Kama Tunaandika

Wiki jana msichana mmoja wa chuo alifika kwenye karakana ya useremala ya mjomba pale Kibuye, Kisumu, na hojaji ya kurasa nne. Anatafiti uandishi na mawasiliano kazini. Vizuri sana. Swali la tatu: "Je, wewe huandika ukiwa kazini?" Kila siku, mara chache, kamwe. Mjomba akachomoa penseli nyuma ya sikio, akatia alama kwenye "kamwe", akairudisha sikioni.

"Hapa hatuandiki, madam. Hapa tunafanya kazi."

Madam akashukuru, akahamia karakana ya jirani! Kwaheri, utafiti umekamilika.

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na kipande cha plaiwudi: "M. Mapacha 3½ × 6 mbili Jtano baki 4500". Yaani Mama Mapacha, vitanda viwili, aje Jumatano, anadaiwa elfu nne na mia tano. Kaunta buku ninaiweka mimi, tena kwa mistari na tarehe, lakini tukibishana juu ya deni mjomba haiangalii. Anageukia plaiwudi.

Mjomba hakudanganya, lakini. Kwake kuandika ni barua, ni mhuri, ni kazi ya karani. Ile penseli ni kifaa kama randa. Ukimuuliza kama anaandika, umemuuliza kama ana ofisi.

Na maandishi yenyewe yana sheria zake. Mwaka juzi kijana mgeni aliandika "K" kwenye mkono mmoja wa fremu ya kochi, na "K" kwenye wa pili. Kulia na kushoto, alivyoona yeye. Aliyefunga spanji akaigeuza mikono yote miwili, kitambaa kikapigwa, tukafumua kazi ya siku nzima huku mwenye kochi amesimama pale. Tangu hapo ni "R" na "L" za Kiingereza tu, na hakuna aliyetangaza. Alama hizo hufunikwa na kitambaa, hivyo kuna watu Milimani hukalia maandishi yetu kila jioni wakitazama habari. Hojaji gani itayafikia?

John Swales, mwanaisimu ambaye kila mwanafunzi wa fani hii humnukuu kwa kitabu chake cha 1990 kuhusu jumuiya na aina za matini zao, mwaka 1998 alitoa utafiti wa jengo moja tu la Chuo Kikuu cha Michigan. Orofa tatu: kompyuta, mimea iliyokaushwa, na Kiingereza, ambako yeye mwenyewe alifanya kazi. Alisoma karatasi zao, akaongea na wenyewe, akaona kila orofa ina saa yake: wa mimea huandika kitu kikadumu miongo, wa kompyuta maelezo yao huchakaa upesi. Jengo moja! Huyu wetu alimaliza Kibuye kabla ya saa saba mchana.

Haya, najua. Mwanafunzi hana pesa za kushinda na maseremala miezi mitatu, na msimamizi anataka majedwali. Alikuwa na adabu pia, na alitununulia soda. Basi aje na hojaji yake, lakini swali la tatu liwe: "Nionyeshe ulichoandika leo." Mjomba angemzungusha karakana nzima, hata simu angemfungulia aone picha za makabati ambazo wateja hutuma zikiwa na maneno mawili, "kama hii".

Akipiga picha ile plaiwudi, majina ya wenye madeni ayafute. Sheria ya Kenya ya kulinda data ipo tangu 2019, na Mama Mapacha hahitaji sheria kukufuata mpaka chuoni.

Aliacha hojaji tatu tupu juu ya meza. Moja sasa ina vipimo vya kabati la mwalimu fulani wa Kondele, upande wa nyuma, na "L" kubwa kwenye mlango. Nimeiweka ndani ya kaunta buku. Akiitaka, aje.