Kifo cha Huruma na Uhuru wa Mgonjwa Kuchagua

Mjadala wa kuhalalisha kifo cha huruma, yaani daktari kumsaidia mgonjwa asiye na tumaini la kupona afe kwa ombi lake mwenyewe, huendeshwa kana kwamba unahusu maumivu peke yake. Wanaounga mkono huuliza kwa nini mtu alazimishwe kuteseka hadi pumzi ya mwisho. Wanaopinga hujibu kwamba uhai si mali ya mtu kuutupa apendavyo, na kwamba kazi ya daktari ni kuponya, si kuua. Hoja zote mbili ni nzito, lakini taarifa za mahali ambako sheria ya aina hii imetumika kwa miaka mingi zinatupeleka kwingine.

Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ilianza kutumika mwaka 1997, daktari hamchomi mgonjwa sindano. Humwandikia dawa ainywe mwenyewe, baada ya madaktari wawili kuthibitisha kwamba akili yake ni timamu na kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita. Wagonjwa wanapoeleza sababu zao, zinazotajwa zaidi si maumivu, bali ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yale yaliyowafurahisha maishani, na kuvunjiwa heshima na ugonjwa. Aliyezoea kujihudumia huona uchungu kugeuzwa kitandani na kubadilishwa nepi na mwanawe. Tena, takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hiyo hawainywi. Nadhani baadhi yao walitosheka kujua kwamba uamuzi uko mikononi mwao, na hapo ndipo ninapoona nguvu halisi ya hoja ya kuhalalisha.

Hata hivyo, taarifa hizo hizo zinaonyesha kwamba wengi huhofia kuwa mzigo kwa familia, na hofu hiyo inanitia shaka. Shahidi anayetia saini kwenye fomu ya ombi la mgonjwa hajui ni maneno gani yamesemwa nyumbani kuhusu gharama na uchovu wa kuuguza, wala hakuna kipimo cha daktari kinachotenganisha hiari na aibu ya kuendelea kuhudumiwa.

Kuna pia suala la mipaka. Kanada iliporuhusu kifo cha huruma mwaka 2016 ilitaka kifo cha kawaida cha mgonjwa kiwe kinatarajiwa; mwaka 2021 ikaliondoa sharti hilo. Ni kweli kwamba badiliko hilo lilipitishwa na bunge, hadharani. Lakini sheria ikishajengwa juu ya mateso, ni vigumu kueleza kwa nini mateso ya miezi sita yahesabiwe na ya miaka sita yapuuzwe.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni takriban asilimia 14 tu ya watu wanaohitaji tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, duniani wanaoipata. Anayeomba kufa huku akikosa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, hajachagua kwa uhuru. Wapinzani nao wakiri kwamba tiba shufaa haimtoshi kila mtu hata inapokuwapo: mgonjwa anayepooza kiungo kimoja baada ya kingine huenda asiwe na maumivu makali, na bado akaona maisha hayo hayavumiliki. Kwa ajili yake sipingi sheria moja kwa moja. Ninachokataa ni sheria inayoridhika na daktari kumweleza mgonjwa kwamba tiba shufaa ipo, bila kuthibitisha kwamba amepewa nafasi halisi ya kuipata kabla ombi lake halijakubaliwa.