Leseni Iliyogoma Kuhama

Nina duka dogo la steshenari mjini Moshi, si mbali na stendi kuu, ambako nachapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, mikataba ya pango na, ifikapo Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kila ukoo una harusi yake, kadi za michango kwa mamia. Kazi hiyo yote niliifanya kwa kompyuta moja ya mezani niliyoinunua ikiwa mpya, yenye Windows 10 na programu za ofisi zilizowekwa humo tangu kiwandani. Desemba moja kadi zilinizidi, nikaamua kununua kompyuta ya pili, mtumba kutoka Ulaya, ambayo ilikuwa nzima kabisa isipokuwa kwa jambo moja: kwenye kona ya chini, upande wa kulia wa skrini, palikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyofifia, «Activate Windows», yakinitaka nihalalishe leseni.

Leseni, nilijiambia, ninayo. Niliilipia pamoja na ile kompyuta ya kwanza, na mtu aliyenunua jembe pamoja na mpini wake hakuna wa kumzuia kuuchomoa mpini na kuutia kwenye jembe jingine. Hoja hiyo niliiona nzito kiasi kwamba nilimweleza mke wangu, naye akataka kujua jembe la kwanza litalimiwa na nini. Sikumjibu.

Nilikumbuka kwamba kompyuta za zamani zilikuwa na stika iliyoandikwa herufi na tarakimu 25 za ufunguo wa leseni. Niliinamisha kompyuta yangu ya kwanza, nikaikuta stika ndogo yenye nembo, haina herufi wala tarakimu, lakini nikaona kwamba stika ni stika. Nilichemsha maji kwenye birika la chai, nikaielekezea mvuke huku nimeifunika kompyuta kwa kanga ili isilowe, nikaibandua kidogo kidogo kwa ncha ya wembe hadi ikatoka imechanika kona moja, kisha nikaibandika kwenye kompyuta ya pili kwa gundi ya karatasi na kuikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikakauka. Nikawasha. Maandishi yalikuwa palepale. Ni aibu kuliandika hili, lakini nilizima na kuwasha mara mbili zaidi, nikidhani labda bado haijaiona.

Kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda cha jirani aliingia kuazima mkasi, akaliona birika juu ya meza ya kazi. «Shikamoo mzee,» alisema, «hapa unapika au unachapa?» Nilipomweleza, alikaa kwenye ndoo na kunifundisha kwa upole kwamba tangu ilipotoka Windows 8 mwaka 2012 watengenezaji huandika ufunguo ndani ya chipu iliyo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwamba leseni inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye mazabodi hiyo na huzikwa nayo, na kwamba inayoruhusiwa kuhama ni ile tu inayonunuliwa peke yake, mradi mwenyewe aiondoe kwanza kwenye kompyuta ya awali. Katika somo hilo zima, kilichobaki kichwani mwangu hadi usiku ni kile kipande cha mwisho: aiondoe kwanza kwenye kompyuta ya awali.

Usiku huo nilifunga duka nikabaki na mpwa wangu wa darasa la sita. Nilikuwa nimetafuta kwenye simu amri ya kuutoa ufunguo uliofichwa kwenye chipu, na kweli ulijitokeza kwenye skrini. Yeye akawa anasoma, mimi naandika kwenye daftari la madeni, katikati ya nakala 40 za mama wa chapati na deni la mwalimu mmoja ambalo nimeshalisamehe moyoni. Yeye akisema «ari», mimi nasikia «eli». Herufi Q niliiandika haraka bila mkia, na nilipoisoma tena ikawa sifuri. Laiti ningejua kwamba funguo hizo hazina kamwe sifuri wala herufi L, kwa sababu waliozibuni waliziondoa herufi na tarakimu zinazofanana ili watu wa aina yangu wasikosee, ningelala mapema. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mtiifu kwa somo, nikauondoa ufunguo kwenye kompyuta ya kwanza, nikauandika kwenye ya pili. Ikakataa. Nikasahihisha eli na sifuri. Ikakataa tena, safari hii kwa maneno marefu zaidi.

Asubuhi nilikuwa na kompyuta mbili, na zote mbili zilikuwa na yale maandishi kwenye kona.

Saa tatu aliingia mwenyekiti wa kamati ya harusi kuhakiki kadi yake, mzee mwenye kofia na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimfungulia kadi ikajaa skrini nzima. Aliisoma kuanzia juu kwa sauti, jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, majina ya wazazi, akafika chini upande wa kulia, akanyamaza, akasogeza uso.

«Kijana wangu,» alisema, «huyu Windows ni nani?»

Nilimwambia si mtu. Akasema jina lake limo kwenye kadi, chini ya majina ya wanakamati, na yeye kama mwenyekiti hamfahamu na hakumbuki kikao kilichompitisha. Nilimweleza kwamba maandishi yale yako juu ya kioo tu na hayatoki kwenye karatasi, akataka kuona. Nilichapa nakala moja, akaigeuza mbele na nyuma, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni kama mtu anayekagua noti, akataka ya pili. Aliondoka na kadi zake 200, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeridhika.

Jioni yule kijana alirudi kurudisha mkasi. Kwenye kompyuta ya kwanza aliurudisha ufunguo wake mwenyewe kutoka daftari la madeni, ikatulia. Kwenye ya pili aliendesha ileile amri, akacheka hadi akashika meza. Ndani ya mazabodi yake ulikuwamo ufunguo wake halali, tangu ilipotoka kiwandani, ila ulikuwa wa toleo la Windows liitwalo Home, na aliyeisafisha kabla ya kuiuza aliweka toleo jingine, Pro, hivyo ufunguo na kufuli havikulingana. Akaweka Home, akaunganisha intaneti, na maandishi yakatoweka bila yeyote kuandika herufi hata moja. Programu za ofisi zilibaki kwenye kompyuta ya kwanza, na ya pili akaipatia LibreOffice, ambayo haimdai mtu kitu. Stika nimeiacha ilipo, kwa kuwa gundi yangu ilishika kuliko ya kiwandani.

Wiki moja baadaye kijana wa bodaboda aliniletea bahasha dukani. Ndani yake mlikuwa na kadi ya mchango niliyoichapa mwenyewe, na kwenye nafasi ya jina, kwa mwandiko wa mzee wa kofia, imeandikwa: Bwana na Bibi Windows. Nilichanga shilingi 50,000.