Tazama upepo wa jana kabla ya kuchukua mshipi

Kabla ya kutoka kwenda kuvua ufukoni, wengi wetu tunauliza leo hali ya hewa ikoje. Mimi naona lenye faida zaidi ni kuuliza upepo ulivuma kutoka wapi jana na juzi, na maji yatakuwa yanatembea saa ngapi. Anayevua kwa chombo anaweza kuwafuata samaki waliko. Sisi tunaosimama nchi kavu tunangoja waletwe, na wanaletwa na hayo mawili.

Upepo wa kutoka baharini ukivuma siku moja au mbili, mawimbi huchimbua mchanga na kuwatoa minyoo, kaa wadogo na viumbe wengine waliojificha humo. Maji huchafuka, mwanga haupenyi vizuri, na samaki ambaye mchana wa maji maangavu asingesogea kwenye kina cha kiuno huja kula karibu kabisa na ufuko. Lakini siku upepo unapokuwa mkali zaidi siyo siku ya kuvua: mshipi unapeperushwa, mwani unajaa kwenye ndoana, chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, halikai mahali pake. Saa ninayoipenda ni pale upepo umeshatulia, mawimbi yakiwa bado na nguvu kidogo, na maji hayajawa maangavu tena. Watu wengi husubiri bahari iwe shwari kabisa ndipo watoke, na kwa maoni yangu wakati huo karamu ya samaki imekwisha.

Upepo wa kutoka nchi kavu tunausifu kupita kiasi. Kweli, unailaza bahari na kuupeleka mshipi mbali. Ila ukidumu siku kadhaa, husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na mahali pengine maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Ghafla maji yanabaridi na samaki hawaumi, nasi tunalaumu chambo.

Kuhusu maji kujaa na kupwa, sehemu nyingi za dunia hujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana saa za kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ila maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kimo chote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, na ya sita 1. Hiyo ni kanuni ya makadirio tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Hapo mkondo hubeba chakula na samaki huufuata. Maji yakisimama, mara nyingi samaki nao husimama. Katika Mediterania, ambako maji hupanda na kushuka kidogo sana, upepo ndio hubeba karibu mzigo wote.

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Ni nzuri kwa fukwe za mchanga, kwani samaki hufika mahali ambapo kwa kawaida ni pakavu. Kwenye miamba yenye kina kirefu na mkondo mkali, nachagua maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, bila kusita.

Jambo moja nalipinga waziwazi: imani kwamba samaki huacha kula kwa sababu baromita, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, imeshuka. Dhoruba kali huweza kuishusha kwa hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 30 au 40. Samaki akishuka mita 1 tu, mgandamizo juu yake huongezeka kwa takriban hektopaskali 100, na kila wimbi linalopita juu yake hubadilisha mgandamizo huo. Ninavyoona mimi, kinachombadilishia samaki siku ni upepo, mwanga na mawimbi yanayoandamana na baromita, siyo baromita yenyewe.

Baromita ina kazi nyingine ambayo wavuvi hawaizungumzii vya kutosha. Kila hektopaskali 1 inaposhuka, bahari hupanda karibu sentimita 1. Ongeza upepo unaosukuma maji ufukoni na bamvua juu yake, na maji yatapita kimo kilichoandikwa kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa. Aliyesimama kwenye fungu la mchanga lazima ajue hilo, kwa sababu maji hujaza kwanza bonde lililo nyuma yake, kati yake na ufuko, wakati miguu yake bado mikavu. Mimi huondoka kwenye fungu kabla ya saa ya tatu ya maji kujaa, hata kama samaki wanauma mfululizo, kisha naendelea kuvulia ufukoni.