Manyanga na Kivuli cha Bendera

Wanafunzi wangu wa Eastlands, Nairobi, waliipa roboti yetu jina la Manyanga, kama waitwavyo matatu wenye madoido, kwa sababu ilikuwa na taa za rangi mbili, kelele nyingi na breki za kubahatisha. Ilikuwa na magurudumu mawili ya nyuma, kigurudumu kidogo mbele, bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuiongoza, na, chini ya tumbo, vihisi viwili vya infraredi. Vitu hivyo vyote nilivinunua Luthuli Avenue Jumamosi moja, nikibishana bei mpaka muuzaji akaniita "mwalimu" kabla sijamweleza kazi yangu.

Kazi ya Manyanga ilikuwa kufuata mstari mweusi. Kihisi hutoa mwale wa infraredi, usioonekana kwa macho. Sakafu nyeupe huurudisha, utepe mweusi huumeza. Wanafunzi waliandika amri nne: kihisi cha kushoto kikiona weusi, pinda kushoto, cha kulia kikiona weusi, pinda kulia, vyote viwili vikiona weupe, songa mbele, na vyote vikiona weusi, songa mbele vilevile, kwani hapo ni njia panda. Muhula mzima nilikuwa nimeandika "kama" na "basi" ubaoni huku Gredi ya Nane ikisinzia, lakini siku Manyanga alipogonga mguu wa meza kwa sababu kushoto na kulia vilibadilishana katika programu, darasa zima lilisimama kulitafuta kosa hilo, na kengele ya chakula ikalia bila msikilizaji. Kwa mwalimu wa kompyuta, huo ni muujiza wa kuandikiwa barua nyumbani.

Ndipo ikaja siku ya wazazi. Ratiba ilisema tungeonyesha kazi yetu saa tatu asubuhi ndani ya maabara, ambamo tulikuwa tumefanya mazoezi wiki tatu pazia zikiwa zimefungwa. Mgeni wa heshima, mama mmoja aliyestaafu kutoka utumishi wa elimu, alikwama Jogoo Road baada ya kukwama kwingine, akafika saa kumi na nusu jioni. Kufikia hapo wazazi walikuwa wengi kuliko viti, na mwalimu mkuu akaamuru tuhamie nje, kwenye uwanja wa saruji wa gwaride, karibu na mlingoti wa bendera. Tukabandika utepe upya kwa haraka.

"Mwalimu," akauliza msichana mmoja aliyekuwa mwandishi mkuu wa zile amri, "tumewahi kuijaribu juani?"

"Mstari ni mstari," nikamjibu, "uwe ndani au nje."

Nikashika kipaza sauti. Niliwaeleza wazazi habari za Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, aliyeshiriki kubuni lugha ya Logo kule Marekani mwaka 1967, na jinsi watoto walivyokuja kuitumia kuongoza roboti ya sakafuni iliyoitwa kobe. Mzee mmoja wa safu ya mbele akataka kujua kama kobe huyo alikuwa na kibali cha wanyamapori. Nilipomaliza kumjibu nilitamka sentensi ninayoijutia hadi leo: "Wazazi wapendwa, roboti haikosei, hufanya lile tu ililoamriwa." Kisha nikabonyeza swichi.

Manyanga alikwenda hatua tatu za heshima juu ya utepe, kisha akauacha, kama matatu iliyosikia kuna askari mbele. Jua la jioni lenyewe limejaa infraredi, na kwa kuwa lilikuwa limeinama, lilimulika hadi chini ya tumbo lake. Mwanga ukawa mwingi kiasi kwamba hata utepe mweusi ulionekana mweupe. Weusi pekee uliobaki uwanjani ulikuwa kivuli cha mlingoti, mrefu na ulionyooka. Manyanga alikikuta, akakipenda, akakifuata bila wasiwasi mpaka kwenye kivuli cha bendera yenyewe.

Bendera ilikuwa ikipepea. Weusi ukawa kushoto, ukawa kulia, ukarudi kushoto, na Manyanga, mtiifu kama alivyofundishwa, akaanza kutikisa kiuno. Skauti mmoja mwenye ngoma akaamini huo ndio wakati wake. Kina mama wakapiga vigelegele. Nami, Mungu anisamehe, niliinama kidogo kupokea makofi.

Upepo ukakata. Manyanga akaona weupe mtupu, akasonga mbele, akaingia kwenye hema la wageni, ambamo kila mahali palikuwa kivuli. Naye, akidhani yuko njia panda isiyo na mwisho, akaendelea kusonga mbele hadi chini ya meza kuu, nyuma ya kitambaa kirefu. Nikatambaa kumfuata nikiwa na suti yangu ya harusi. Kipaza sauti nilikuwa nimekibana kwapani, na sikukumbuka kukizima, hivyo uwanja mzima ulisikia nikihema gizani na kutangaza: "Nimeishika! Sasa naing'oa betri!"

"Mwalimu," ikajibu sauti ya upole kutoka juu ya meza, "kiatu hicho hakina betri."

Nilitoka na kiatu mkono mmoja na Manyanga mkono wa pili, magurudumu yakiwa bado yanazunguka. Mgeni wa heshima alivaa kiatu chake, akafuta machozi ya kicheko, akaahidi kutununulia roboti nyingine tano, mradi nazo ziwe zinacheza.

Jumatatu yake msichana yule alikata boksi la keki, akamshonea Manyanga sketi fupi ya kadibodi inayofunika vihisi visipigwe na jua. Sasa anafuata utepe popote, asubuhi na jioni, bila kupotea hata kidogo. Mwalimu mkuu ameniita ofisini mara mbili kuuliza ni lini hitilafu hiyo itarekebishwa.